Mama Anakula

Euless, Texas
24 Oktoba 2004

Kaka yangu Abdulhalim,

Assalaam alaykum. Sisi huku Ramadhani inatuchukua vizuri, natumaini na nyinyi huko Houston hamjambo, pamoja na wifi yangu na watoto. Nuha anafunga hadi adhuhuri, kisha anakuja jikoni kunitangazia "Mommy, I'm done," kama mtu aliyemaliza zamu. Swafwani yuko barabarani na lori lake, mara ya mwisho alipiga simu kutoka Oklahoma. Mume wa kwenye simu, lakini mume.

Utashangaa kupata barua. Simu yetu iko sebuleni, na sebuleni ndiko anakolala Mama, na saratani haikumgusa masikio hata kidogo. Nimechoka kukwambia "hajambo, hajambo" huku ananikodolea macho kuona kama nitaongeza neno.

Habari yenyewe ni hii: Mama anakula! Ulimwona mwenyewe ulipokuja, tangu waanze kumtundikia zile dawa hata maji ya wali hayakuwa yakikaa tumboni. Sasa yanakaa. Jana aliomba samaki wa kupaka, nikampikia, akaonja na kunigombeza kwamba nimebania nazi. Nilirudi jikoni nikalia kwa furaha, kwa sababu sijagombezwa hivyo tangu mwezi wa saba.

Usiniulize ni daktari gani. Kuna ushauri nilipewa na yule mgonjwa wangu, Bwana Curtis, mzee aliyepigana Vietnam, ambaye naenda kumwogesha na kumlisha nyumbani kwake Arlington. Ni mambo ya mapishi tu. Tutazungumza tukionana.

Mdogo wako,
Hadiya


Houston
7 Novemba 2004

Mdogo wangu Hadiya,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma ndani ya teksi, nikiwa foleni pale uwanja wa ndege, na abiria aliyeingia alinikuta napangusa macho. Nikamwambia ni vumbi.

Wifi yako anakusalimu. Mkubwa wetu amemaliza juzuu ya tatu, na watoto ninaowasomesha madrasa Jumamosi wamefika kumi na wanane, wote wanajua Kiingereza kuliko mimi na wote wanadhani sijui.

Jana baada ya tarawehe nilisimama nikawaeleza watu msikitini kwamba dua walizomwombea Mama zimejibiwa. Imamu mwenyewe alinikumbatia. Lakini umenitia hamu, ni mapishi gani hayo ya mzee wa Vietnam? Kama ni mizizi au asali ya aina fulani niambie, kuna mama mmoja hapa ana maradhi hayohayo.

Kaka yako,
Abdulhalim


Euless
21 Novemba 2004

Kaka Abdulhalim,

Assalaam alaykum, na Idd yenu naamini ilikuwa njema. Yetu haikuwa. Nuha alivaa gauni ulilomletea, Swafwani alifika na kulala, na mimi nilikaa jikoni nikaogopa kila aliyebisha hodi.

Nisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Si mizizi wala asali, ni bangi. Bwana Curtis ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu na anaitumia kutuliza maumivu. Nilipomwambia kwamba Mama hali chakula, alinipa kidogo na kunielekeza. Naichemsha kwenye samli, nachuja, na samli hiyo natia kijiko katika chakula cha Mama peke yake. Mama hajui. Hakuna anayejua isipokuwa Curtis, na sasa wewe.

Unamjua Mama na futari. Kwa kuwa hawezi kufunga, ameshikilia lazima apate thawabu za kuwafuturisha wenzake, kwa hiyo kila magharibi sahani hutoka hapa kwenda msikitini. Anayezipeleka ni Muzammil, yule kijana wa Kizanzibari wa ghorofa ya chini anayepakia mizigo kwenye ndege. Siku moja ya Ramadhani nilipika tambi masufuria mawili, kubwa la watu na dogo la Mama, nikaenda kazini. Alipokuja Muzammil, Mama akaona sufuria kubwa limeganda na dogo linanukia samli. Wageni hawapewi kilichoganda. Akampa dogo.

Walikula Muzammil na mzee mmoja anaitwa Kalume. Mzee Kalume alianguka katika rakaa ya pili, wakadhani ni kiharusi, ambulensi ikaitwa. Hospitali wakapima wakaona bangi. Amepona, lakini wanawe wanamtazama vibaya mpaka leo. Muzammil alipimwa kazini siku ile iliyofuata, wale wa uwanja wa ndege hupima watu kwa kushtukiza. Wamemfukuza.

Alikuja hapa mlangoni, Kaka. Hakupiga kelele. Alisema, "Dada Hadiya, wameni-test nikafeli, na mimi wallahi hata sigara sijawahi. Sisemi kwa mtu. Niambie tu, nilikula nini?"

Nikamwambia sijui. Nimemdanganya kijana wa watu, machozi yakimtoka.

Hadiya


Houston
30 Novemba 2004

Hadiya,

Salamu. Watoto wazima.

Umenifanya nisimame mbele ya watu nimshukuru Mungu kwa bangi.

Umesahau mtoto wa ami yetu kule Mombasa, pale Kuze, jinsi alivyoanzia hapohapo na kuishia kuiba sufuria za mamake? Mama alimfukuza kwenye baraza letu kwa fagio. Leo unamtilia mtu yuleyule kitu kilekile kwenye chakula, kwa siri, kama anayetega panya. Na kijana amepoteza riziki yake.

Hilo ni moja. La pili, mimi nimeshakula kiapo cha uraia, wewe una grini kadi na unaomba uraia mwakani. Wale watu wa Uhamiaji wanauliza mambo haya kwa midomo yao, na wewe hujui kudanganya, hujawahi kujua. Leseni yako ya uuguzi nayo wataichukua. Nuha atalelewa na nani, lori?

Mwaga hiyo samli. Si ombi.

Abdulhalim


Euless
6 Februari 2005

Kaka Abdulhalim,

Assalaam alaykum. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Nuha alipata mafua, akaniambukiza, Swafwani akabadilisha kampuni. Sababu hizo ni za kweli lakini sizo zilizoninyamazisha.

Niliimwaga. Nilisimama kwenye sinki nikafungulia maji ya moto, kama ulivyoamuru. Baada ya wiki Mama akarudi kutapika. Kufikia mwisho wa Desemba nilikuwa namnyanyua kitandani kwa mkono mmoja. Daktari akasema amedhoofu mno, wasimamishe dawa za saratani mpaka apate nguvu, na nguvu zitoke wapi na chakula hali? Nikamweleza ukweli yule daktari. Alikwenda akafunga mlango, akasema, "Siwezi kukuandikia. Lakini chochote kinachomfanya ale, asikiache."

Nikaanza tena. Ila safari hii nilimwambia Mama kwanza, kwa sababu maneno yako ya kutega panya yaliniuma. Alijiinua kitandani akakaa. Kisha akasema, "Kwa hivyo kilichomliza Muzammil ni bakuli langu mimi." Akaniamuru nimwite. Alimwomba radhi kijana yule huku ameshika mikono yake miwili, na Muzammil sasa anafanya kazi ya ghala Grand Prairie, ya mshahara mdogo, na bado anakuja kumjulia hali. Baada ya hapo Mama akauliza, "Na sala zangu je?" Tukampigia Maalim wake Mombasa. Maalim aliuliza kama daktari anajua na kama dawa nyingine zimeshindwa, akasema dharura ina hukumu yake. Mama alikula siku hiyo akamaliza.

Sasa lililonifanya niandike. Curtis na wenzake wana kikundi, wanakutana maktaba ya Arlington, wagonjwa watupu, nusu yao kwenye viti vya magurudumu. Kuna muswada umepelekwa Bunge la jimbo kule Austin. Hauruhusu kuuza wala kuvuta barabarani. Unasema tu kwamba mgonjwa akikamatwa, aruhusiwe kumwambia hakimu kwamba anaumwa na daktari wake anajua. Hivi sasa hata hilo husemi, unafungwa mdomo ukiwa umefungwa mikono. Kamati itasikiliza watu mwezi wa nne, nao wanatafuta wa kuzungumza. Nimejitolea.

Niambie kitu kizuri, Kaka, hata kimoja.

Hadiya


Houston
19 Februari 2005

Mdogo wangu Hadiya,

Waalaykum salaam. Wifi yako anasema niandike kwa upole, kwa hiyo nimeichana barua ya kwanza.

Nimefurahi Mama anakula. Hicho ndicho kitu kizuri, nimekisema.

Lakini huendi Austin. Bwana Curtis ni mzaliwa na alipigania nchi hii, akisema anatumia bangi watampigia makofi. Wewe ukisema unampikia mamako, watakupa tiketi ya ndege. Maneno yanayosemwa pale yanarekodiwa na kuhifadhiwa, na siku ya mahojiano yako ya uraia yatakuwa mezani yanakungoja. Waache wenye nchi waidai nchi.

Sitaki kujibizana tena juu ya hili.

Abdulhalim


Euless
18 Machi 2005

Kaka,

Assalaam alaykum. Sote wazima.

Basi siendi mimi. Anakwenda Mama. Nilimsomea barua yako, akasema, "Kama kinywa cha Hadiya ni hatari, changu kishazeeka, wataniogopea nini?" Bwana Curtis ameshapeleka jina lake. Atakwenda kwenye gari la Wacuka, yule muuguzi mwenzangu, Mkenya mwenzetu, ambaye ndiye anayemwendesha Curtis. Ulimwona kwenye aqiqa ya mtoto wa Muzammil.

Jana alichukua simu akaingia nayo chooni, waya ukapita chini ya mlango, akaniambia nipandishe sauti ya televisheni. Najua alizungumza na wewe. Alipotoka alikuwa amenawa uso na hakuniambia lolote. Nawe hukunipigia kuniambia lolote. Basi.

Buibui lake jipya ameshalipiga pasi.

Hadiya


Houston
13 Aprili 2005

Mdogo wangu Hadiya,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Joto limeshaanza, na mvua ya juzi imeziba barabara yetu.

Mama atakuwa amekueleza ya Austin kwa namna yake, nami nakueleza kwa yangu. Nilikwenda kwa sababu aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Nikisema Kiswahili pale, nani atanisemea?" Nilikuwa na majibu mengi, na hakuna hata moja ambalo mtu anaweza kumpa mamake.

Jengo ni la fahari, marmar kila mahali, na miguu ya Mama ilikuwa baridi. Tulingoja tangu asubuhi. Kila mtu alipewa dakika chache. Curtis alizungumza vizuri. Mwanamke mmoja kutoka Fort Worth alianza na hakuweza kumaliza, mumewe akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu wakatoka. Nilifika pale nikidhani nitakuta wahuni, Hadiya. Nilikuta watu wanaoumwa.

Zamu yetu ilipofika nilimweka Mama mbele ya maikrofoni nikasimama kando yake. Alisema alivyougua, alivyokuwa hali chakula, na jinsi alivyopata kula tena. Alisema hakuwahi kulewa maishani wala hajalewa sasa. Wajumbe wawili walisikiliza, mmoja alikuwa anakula karanga. Mwenyekiti akasema asante, anayefuata.

Nilimtafsiria kila kitu. Mpe salamu, na mlishe.

Abdulhalim


Euless
26 Aprili 2005

Kaka Abdulhalim,

Assalaam alaykum, sina habari za nyumbani leo, nitaanza moja kwa moja.

Kila kitu? Wacuka alikuwa amekaa nyuma yenu. Kiswahili anakijua na Kiingereza anakijua. Nilimkuta kazini Jumatatu akaniambia, "Hadiya, kwani hukujua? Mathe wako alikutaja wewe, jina na kila kitu. Halafu your brother aka-translate kwamba ni yeye ndiye anampikia."

Nilimkatalia. Nikarudi nyumbani nikamuuliza Mama kwa mbali, alisema nini mwishoni. Akaniambia kwa furaha kabisa: "Nilikushukuru. Nikawaambia aliyenipikia ni binti yangu Hadiya, anakaa Euless, Mungu amlipe." Kaka, unajua mwenyewe. Tangu tuko wadogo hajawahi kula kwa watu bila kumtaja mpishi kwa jina mbele ya wageni. Kwake kula na kunyamaza ni utovu wa adabu. Alisimama mbele ya serikali ya Texas akafanya adabu.

Na wewe ukageuka ukasema kwa Kiingereza, mimi mwanawe, naitwa Abdulhalim, ndiye ninayempikia. Wewe usiyejua kuchemsha yai! Nilicheka nikiwa peke yangu ndani ya gari, kisha nikashindwa kuendesha.

Kwa nini hukuniambia? Una kibali cha teksi. Una madrasa. Jina lako limehifadhiwa pale badala ya langu. Mimi nimekuchukia tangu barua yako ya Novemba na sijui sasa hasira hii niipeleke wapi.

Sijamwambia Mama. Nijibu.

Hadiya


Houston
23 Mei 2005

Mdogo wangu Hadiya,

Waalaykum salaam. Wifi yako anakusalimu sana, na watoto pia.

Muswada haukutoka kwenye kamati. Bunge linafungwa wiki ijayo na hawatakaa tena mpaka mwaka 2007. Hawakuukataa hata, hawakupiga kura. Waliuacha mezani mpaka muda ukapita. Curtis alinipigia mwenyewe kuniambia, na sauti yake sikuipenda. Anasema watarudi mwaka huo wa 2007. Nikamwambia inshallah. Akaniuliza maana yake, nikamweleza, akasema hilo ndilo Bunge lenyewe.

Umeniuliza kwa nini. Nilisikia jina lako linatoka kinywani mwa Mama na sikuwa na muda wa kufikiri. Mimi hawawezi kunirudisha Mombasa. Hayo tu, usiyafanye makubwa.

Kibali cha teksi hakijaguswa mpaka leo. Madrasa wameniomba nipumzike. Mtoto mmoja babake alisikia, na kamati ikaja nyumbani, watatu, wakanywa chai yangu na kuniambia kwa upole. Jumamosi nakaa nyumbani sasa. Inaniuma kuliko nilivyotarajia.

Usimwambie Mama lolote katika haya, si ya muswada wala ya madrasa. Endelea kumpikia.

Abdulhalim


Euless
5 Juni 2005

Mpenzi kaka yetu Abdulhalim,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi sote huku wazima wa afya. Nuha amefunga shule na amepasi. Mama hajambo sana, anakula vizuri, amenenepa. Anakutakia kheri na anakuomba usijisumbue kuja, kazi ni bora, nauli na petroli vimepanda. Anasema alipokuita uliitika, na radhi zake unazo.

Hayo ya juu ni ya Mama. Alikaa kando yangu akanitajia neno kwa neno, na kidole juu ya karatasi, kisha akaenda kulala. Haya ya chini ni yangu.

Wacuka alipita Jumapili iliyopita kumjulia hali. Nilikuwa nje natupa taka. Nilipopanda ngazi alikuwa ameshamweleza yote, akidhani anamsifia mwanawe: ulivyojitaja, muswada ulivyokufa, ulivyoondolewa madrasa, jambo nililomwambia mimi mwenyewe kazini. Mama alimshukuru, akamfungia vitumbua vya kupeleka nyumbani. Wacuka alipoondoka, Mama aliniita.

Akasema, "Nilikwenda kuomba ruhusa, na ruhusa sikupewa. Basi."

Nilimwambia hakuna polisi aliyekuja. Nilimkumbusha Maalim. Nilimkumbusha daktari. Akasema, "Maalim hajui kama chakula changu kinawala watoto wangu wawili. Mmoja nimemtaja nusura nimfunge, wa pili kajifunga mwenyewe. Mimi ni mama yenu, Hadiya, si kesi yenu." Akasimama, kwa miguu yake, akaifungua friji na kuimwaga samli yote.

Nimempikia uji mweupe asubuhi na jioni. Anakula vijiko viwili, ananishukuru kwa jina langu, anakwenda chooni na kufungulia bomba ili nisisikie. Hospitali Alhamisi walimpima uzito wakarudia kumpima, wakadhani mizani imeharibika. Wamesimamisha dawa tena.

Curtis ana nyingine na atanipa nikimwomba. Lakini siwezi kumtilia kwa siri, si mara ya pili, na mbele yangu hakubali. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye aliyeumizwa, labda ukimwambia wewe atafungua kinywa. Usimwandikie, barua atanipa mimi nimsomee, kisha ataniambia cha kukujibu, na nitakiandika. Njoo na gari siku hiyohiyo uipatapo barua hii.

Hadiya